Kliniki ya Bure na Haki ya Mfanya Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Imepigwa chapa kwa ombi la wenzetu waliokuwa zamu siku ile, ili nao wapate kuisoma kabla ya kupiga kura.)



Katika mkutano wetu uliopita ndugu mmoja wa idara ya kupakia alisimama akatoa hoja. Alisema kwamba fedha zetu za kusaidiana zimekaa tu benki, basi tuwaombe madaktari na wauguzi wenye moyo mwema, tukodi ukumbi, tufungue kliniki yetu wenyewe, na kila mwanachama atibiwe bila kulipa hata senti moja. Akamaliza kwa kusema, "Haya mambo ya kukatwa mshahara kila mwezi yametuchosha." Wengi walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Lakini Mwenye Kiti aliona kwamba hoja hii ni nzito, akaniagiza nitafute habari za mahali ambapo kliniki za namna hiyo zimefanya kazi kwa miaka mingi, nije niwaeleze faida yake na upungufu wake. Kazi hiyo nimeifanya, na leo naileta mbele yenu.

Kwanza nawakumbusha jambo lililoizaa hoja ile. Sote twamjua mwenzetu wa bohari, ambaye sitamtaja jina kwa sababu ya heshima yake. Mshahara wake ni shilingi 20,000 kwa mwezi, na kila mwezi karatasi yake ya mshahara huonyesha kwamba amekatwa shilingi 550 za bima ya afya. Siku moja kichwa kilimuuma sana, macho yakaona giza, akaenda hospitali. Karani akaangalia katika kompyuta yake akamwambia, "Mzee, michango yako ya miezi minne haikuletwa. Lipa fedha taslimu au urudi nyumbani." Akarudi nyumbani. Jumamosi ile kulikuwa na madaktari wa kujitolea katika uwanja wa shule, wakitibu bure. Akapanga foleni tangu alfajiri. Wakampima, wakaona damu inakwenda kwa nguvu mno, wakampa vidonge vya siku kumi na nne, wakamwambia, "Vikiisha, nenda hospitali ukaendelee." Vikaisha. Hospitali ni ile ile, na michango bado haikuletwa. Wiki ya tatu alianguka mbele ya mizani. Leo mkono wake wa kulia hauna nguvu, na sisi tumepitisha karatasi ya mchango mara mbili.

Ndugu zangu, nauliza: wale madaktari wa uwanjani walifanya kosa gani? Hawakufanya kosa. Walikuja siku yao ya mapumziko, wakafanya walichoweza. Basi kosa liko wapi? Swali hili ndilo nililokwenda nalo katika kutafuta habari zangu.

Nchi niliyoichagua ni Marekani. Nimeichagua kwa sababu huko kliniki za bure ni kiasi cha 1,400, na watu wanaojitolea ni wengi. Tena ni nchi yenye mali nyingi, kwa hiyo hakuna mtu atakayesimama hapa aseme kwamba mpango huu ulipungukiwa kwa sababu ya umaskini.

Huenda mtu akauliza, nchi tajiri kama ile ina haja gani ya kliniki za bure? Jibu lake linatokana na namna bima yao ilivyoanza. Mwaka 1942, katika vita vikuu vya pili, serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande. Viwanda vilitaka watu wa kazi, na kwa kuwa havikuweza kuwavuta kwa mshahara, vikaanza kuwapa bima ya matibabu. Baadaye sheria ya kodi ikaupa mpango huo nguvu, kwa sababu fedha ambazo tajiri alimlipia mfanya kazi bima hazikutozwa kodi ya mapato. Hivyo bima ikafungwa katika kazi kama vile mbuzi afungwavyo katika kigingi. Ukiwa na kazi nzuri, unayo bima nzuri. Ukiachishwa kazi, bima inaondoka pamoja na kazi, yaani siku ile ile ambayo huna mshahara ndiyo siku usiyo na matibabu. Iko sheria inayomruhusu mtu aliyeachishwa kuendelea na bima yake kwa muda, kwa kawaida miezi kumi na minane, lakini yapasa ailipe yote yeye mwenyewe, sehemu yake na ile aliyokuwa akilipiwa na tajiri. Mtu aliyepoteza mshahara atailipa kwa nini?

Mwaka 1965 serikali yao iliweka mipango miwili mikubwa, mmoja wa wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na mwingine wa maskini. Mipango hiyo imeokoa watu wengi. Hata hivyo ule wa wazee, tangu mwanzo, haukulipia matibabu ya kawaida ya meno wala miwani. Na ule wa maskini kila jimbo liliwekewa nafasi ya kuamua nani ataingia, na majimbo mengine yaliwafungia nje watu wazima wenye kazi za kipato kidogo. Mwaka 2010 ikapitishwa sheria mpya ya kuwaongeza watu katika bima. Kabla ya sheria hiyo, watu zaidi ya milioni 45 hawakuwa na bima yoyote. Mwaka 2023 walikuwa wamebaki kiasi cha milioni 26. Huo ni upungufu mkubwa, na ni kazi ya sheria. Lakini milioni 26 bado ni watu wengi.

Tena wako wale wenye bima ya jina tu. Bima nyingi za huko zina kiasi ambacho mgonjwa lazima akilipe kwanza kutoka mfukoni kabla bima yenyewe haijaanza kulipa. Katika bima za bei ya chini kiasi hicho hufika dola elfu kadhaa kwa mwaka. Mtu ana kadi mfukoni, lakini anaogopa kwenda kwa daktari, kama vile mtu aliye na mwavuli wenye matundu anavyoogopa mvua. Naomba mwakumbuke watu hawa, kwa maana nitarudi kwao.

Sasa nije kwenye kliniki zenyewe. Mwezi wa Juni mwaka 1967, katika mtaa wa Haight-Ashbury mjini San Francisco, daktari kijana aitwaye David Smith alifungua kliniki ya bure kwa vijana waliokuwa wamejaa mtaa ule bila fedha wala makao. Alisema kwamba matibabu ni haki ya kila mtu, wala si upendeleo. Mfano ule ulienea upesi katika miji mingine. Mwaka 1970 chama cha watu weusi kiitwacho Black Panther kiliyaagiza matawi yake yafungue kliniki za bure, na baadaye kikaanza kuwapima watu weusi ugonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu ambao wakati ule ulikuwa umepuuzwa.

Kliniki ya kawaida ya namna hii huwa katika jumba la kanisa, au duka la zamani, au nyumba iliyotolewa na mtu. Daktari humaliza kazi yake ya mshahara, kisha jioni huja kutumika bure saa mbili au tatu. Muuguzi aliyestaafu hupima damu na sukari. Mke wa mwalimu huandika majina mlangoni. Dawa nyingine hutolewa na makampuni, nyingine hununuliwa kwa sadaka. Na kwa kuwa huko madaktari huogopa kushtakiwa mahakamani, serikali kuu iliweka sheria ya kuwakinga wale wanaojitolea katika kliniki hizi, mradi kliniki yenyewe imetimiza masharti. Mnaona basi kwamba hata jambo la bure lina gharama, lina karani, na lina sheria. Nawaomba wenzangu mliotoa hoja mlitie hilo moyoni.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya mtu mmoja na ya wilaya moja. Mtu huyo ni Stan Brock, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1936. Alipokuwa kijana alikwenda Guyana, wakati huo koloni la Uingereza, akawa mchunga ng'ombe katika mbuga za ndani kabisa. Siku moja farasi alimwumiza vibaya, naye akaambiwa kwamba daktari wa karibu yuko mwendo wa siku 26 kwa miguu. Hakulisahau neno lile. Mwaka 1985, akiwa Marekani katika jimbo la Tennessee, alianzisha shirika la Remote Area Medical, na nia yake ilikuwa kuwapeleka madaktari katika nchi ambazo hazina madaktari. Lakini katika miaka ya 1990 alianza kuitwa na watu wa jimbo lile lile alimokaa. Akagundua kwamba mtu anaweza kuishi karibu na hospitali, na bado daktari akawa mbali naye kama siku 26 za kutembea, kwa sababu kati yao kuna ukuta wa fedha. Tangu hapo sehemu kubwa ya kazi yake ikawa ndani ya Marekani. Yeye mwenyewe hakuchukua mshahara. Aliishi katika jengo la shule ya zamani mpaka karibu na mwisho wake. Alifariki mwaka 2018. Mtu kama huyo tunamheshimu, na mimi nimeliandika jina lake kwa heshima.

Wilaya niliyosema ni Wise, katika jimbo la Virginia, nchi ya milima na makaa ya mawe. Kuanzia mwaka 2000, kwa miaka mingi mfululizo, shirika lile na wenzake wa pale walifanya kliniki kubwa ya siku tatu mwezi wa Julai katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Miaka mingine walitibiwa watu zaidi ya elfu mbili kwa siku hizo tatu. Watu walikuja kutoka majimbo ya jirani, wakafika siku moja au mbili kabla, wakalala ndani ya magari yao. Usiku wakagawiwa namba. Alfajiri mlango ukafunguliwa na namba zikaitwa. Chini ya mahema vilipangwa viti vya meno kwa safu, na palipokuwa pakipigwa mnada wa ng'ombe na kondoo pakawa mahali pa kupimia wagonjwa. Gari moja lilikuwa na mashine ya kukatia miwani, na mtu aliondoka na miwani yake siku ile ile. Hakuna aliyeulizwa bima, wala fedha.

Wengi walikuja kwa sababu ya meno na macho, yale yale ambayo bima za huko huyaacha nje. Na kwa kuwa siku haitoshi, mgonjwa mara nyingi aliambiwa achague: leo utatazamwa meno au macho? Wengine waling'olewa meno yote yaliyokuwa yamebaki. Fikirini mtu aliyefanya kazi miaka thelathini, analala garini apate namba ya kung'olewa meno uwanjani, naye anashukuru kwa machozi. Shukrani zake ni za kweli. Aibu si yake, wala si ya daktari aliyeshika koleo.

Pale Wise pia alikuwako Sista Bernadette Kenny, mtawa na muuguzi, ambaye kuanzia mwaka 1980 alizunguka milima ile akitibu watu kutoka katika gari dogo aina ya Volkswagen. Kazi yake ikakua ikawa kliniki ya magari makubwa iitwayo Health Wagon. Nalitaja hili kuonyesha tofauti moja: Sista alirudi kwa mgonjwa yule yule wiki hadi wiki. Kliniki ya siku tatu haiwezi kufanya hivyo. Sukari haingoji mwezi wa Julai ufike. Shinikizo la damu halina siku ya maonyesho.

Sasa, ndugu wafanya kazi, hapa ndipo habari hii inapokuwa yetu. Nilipoisoma historia ya Wise nilikuta jambo ambalo sikulitazamia. Katika mji ule ule, miaka zaidi ya arobaini kabla ya yale mahema, kulikuwa na hospitali nzuri, mpya, iliyojengwa na chama cha wafanya kazi!

Ilikuwa hivi. Mwaka 1946 wachimba makaa wa Marekani waligoma, na kiongozi wao alikuwa John L. Lewis. Serikali ikaishika migodi, kisha mwezi wa Mei ikatia sahihi mapatano nao. Katika mapatano hayo ulianzishwa mfuko wa matibabu na uzeeni. Mfuko haukulishwa kwa sadaka. Kila tani ya makaa iliyotolewa, mwenye mgodi alitoa senti tano, na kiasi hicho kikapandishwa kidogo kidogo mpaka mwaka 1952 kikawa senti 40 kwa tani. Kwa fedha hizo mchimba makaa alipewa kadi, na akiwa na kadi hiyo alitibiwa yeye na watu wa nyumba yake. Na kwa kuwa milimani hospitali nzuri zilikuwa chache, mfuko ukajenga hospitali kumi katika majimbo ya Kentucky, Virginia na West Virginia, zikazinduliwa mwaka 1956. Moja katika hizo kumi ilikuwa Wise.

Basi zilikwenda wapi? Sikilizeni vizuri. Mfuko ulikuwa unakula kutokana na tani. Wenye migodi walileta mashine, na chama kilikubali mashine ziingie. Magari ya moshi yakaacha makaa yakatumia dizeli. Mwaka 1950 wachimba makaa walikuwa zaidi ya laki nne. Mwaka 1960 walikuwa chini ya laki mbili. Mfuko ukaanza kupungukiwa. Mwaka 1960 wale waliokaa bila kazi zaidi ya mwaka mmoja wakanyang'anywa kadi. Kisha wenye migodi midogo wakaacha kulipa zile senti 40, na mwaka 1962 wakuu wa mfuko wakatoa amri: mchimba makaa ambaye tajiri wake halipi, kadi yake imefutwa.

Nalirudia neno hili. Tajiri asipolipa, kadi ya mfanya kazi hufutwa. Mwenye deni ni mmoja, na anayeadhibiwa ni mwingine. Je, mnaisikia sauti ya yule karani wa hospitali yetu? "Mzee, michango yako haikuletwa."

Wachimba makaa wa mashariki ya Kentucky walikasirika, wakatembea kwa magari usiku na mchana kutoka mgodi hadi mgodi kuisimamisha kazi. Lakini walikuwa wamechelewa. Chama kilikuwa kimepokea fedha miaka mingi bila kuhesabu kwa ukali nani analipa na nani halipi. Katika miaka ya 1963 na 1964 hospitali zote kumi ziliondoka katika mikono ya mfuko, zikashikwa na shirika jingine. Mwaka 2000 yakaja mahema katika uwanja wa Wise. Wengi waliolala magarini walikuwa watu wa nyumba za wachimba makaa.

Sisemi kwamba mahema yalikuja kwa sababu hiyo moja tu. Mambo mengi yalitokea katikati. Lakini fundisho lake nalisema waziwazi: matibabu ambayo hayana sheria ya kuyalinda na watu wa kuyahesabu, hata yawe katika hospitali kumi za mawe, yanaweza kuondoka. Na yakiondoka, kinachobaki ni huruma ya watu wema, na huruma hutolewa kwa namba mlangoni.

Tena kuna fundisho la pili. Mwaka 2018 jimbo lile la Virginia lilikubali kuupanua mpango wa serikali wa kuwatibu wenye kipato kidogo, ukaanza tarehe 1 Januari 2019. Watu wazima kiasi cha laki nne walipata haki ya kuingia. Brock alikuwa amefanya kazi ya ajabu kwa miaka mingi, lakini sahihi moja ya sheria iliwafungulia watu wengi mlango ambao hauhitaji kulala garini. Wanaojitolea wenyewe husema kwamba furaha yao itakuwa siku ambayo hakuna mtu atakayewahitaji.

Nirudi nyumbani. Hapa Kenya bima ya hospitali ya taifa ilianzishwa mwaka 1966, nasi tulikatwa mishahara kwa ajili yake mpaka ilipofika zamu ya mpango mpya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 twakatwa kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Tajiri haongezi chake katika fedha hiyo. Ni jasho letu peke yetu. Kazi yake ni kuikata na kuipeleka si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Basi asipoipeleka, hajatunyima msaada. Amechukua mali yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba fedha iliyokatwa kwa amri ya sheria lazima ipelekwe inakotakiwa, na asiyepeleka ametenda kosa la kushtakiwa. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 34, inamtaka mwajiri ahakikishe wafanya kazi wake wanapata dawa wanapougua, na ikiwezekana waonwe na daktari wanapougua sana. Haya hatukupewa kwa hisani. Yameandikwa.

Kuna na ndugu zetu vibarua. Wale ndio wenye mwavuli wa matundu. Mwezi huu kibarua ana kazi, mwezi ujao hana. Mara ameandikishwa, mara jina lake halionekani. Katika ile foleni ya uwanja wa shule, nusu ya watu niliowatambua walikuwa vibarua wa lango letu. Tukizungumza habari za matibabu tukawasahau, tutakuwa tumewafanya kama wale wachimba makaa walionyang'anywa kadi kwa sababu ya kukosa kazi mwaka mmoja.

Sasa nitoe maoni yangu juu ya hoja, nanyi mtaamua kwa kura. Sisemi tuikatae. Mgonjwa aliye na maumivu leo hawezi kula kifungu cha sheria. Nasema tuitengeneze, na mambo yenyewe ni manne.

La kwanza. Kabla ya mwisho wa mwezi, kila mwanachama aulize kama michango yake imefika, mwezi kwa mwezi, wala asiridhike na karatasi ya mshahara peke yake. Karatasi yaonyesha kilichotoka mfukoni mwako, haionyeshi kilikoingia. Wajumbe wa idara wakusanye majibu katika daftari moja, na asiyejua kusoma asaidiwe na jirani yake.

La pili. Kila mwezi baada ya tarehe 9, katibu wa tawi amwandikie mwajiri kutaka uthibitisho wa malipo. Ukikosekana, barua ya pili iende kwa afisa wa kazi, na nakala ibaki katika faili letu. Wachimba makaa walihesabu tani, hawakuhesabu malipo. Sisi tuhesabu malipo.

La tatu. Mapatano yetu na mwajiri yanakaribia kufanywa upya. Tutie neno moja ndani yake: mwanachama yeyote aliyekatwa fedha za bima zisifikishwe, akanyimwa matibabu kwa sababu hiyo, gharama yote ya hospitali italipwa na mwajiri. Neno hilo likiwamo, tajiri atakumbuka tarehe 9 kuliko sikukuu. Na vibarua wenye kazi ya kuendelea watajwe humo kwa jina la kazi yao.

La nne ndilo hoja ya ndugu yetu. Tufanye siku ya kupima afya mara mbili kwa mwaka, kwa msaada wa madaktari na wauguzi wa kujitolea wenye vyeti halali, tena kwa idhini ya wakuu wa afya wa kaunti. Lakini iwe na kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupima na kutibu kinachotibika siku hiyo. Kazi ya pili ni kuhakikisha kwamba mgonjwa anayeonekana ana sukari, au shinikizo la damu, au kifua kibaya, anaandikiwa barua ya kwenda hospitali, na mjumbe wa idara yake anapewa jukumu la kuuliza baada ya wiki mbili: je, alipokelewa? Kama hakupokelewa kwa sababu ya michango, habari iende kwa katibu siku ile ile. Siri ya ugonjwa ibaki kwa daktari na mgonjwa. Mjumbe aulize tu kama mlango ulifunguliwa. Tungalikuwa na mtu wa kuuliza swali hilo, huenda mwenzetu wa bohari angalikuwa zamu leo.

Ndugu zangu, mimi nilikwenda kumtazama juzi. Alikuwa ameketi mlangoni akijifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Hakuuliza habari za mchango. Aliniuliza, "Zile shilingi 550 zangu za miezi minne, zimepatikana?" Sikuwa na jibu la kumpa. Naomba tawi hili linipe jibu nimpelekee.

Fedha zetu za kusaidiana ni chache, na moyo wetu ni mkubwa. Tusiutumie moyo huo kumfutia tajiri deni lake. Yeyote atakayesimama nasi kutibu watu bure tutamshukuru na kumpikia chai. Na yule aliyeshika fedha zetu tutamdai mpaka alipe.

Umoja ni nguvu.